Mbwa ana minyoo ya moyo lakini anaruka kama kawaida: sindano za nini?

"Daktari, shikamoo. Sisi ni familia ya Kitanzania, tunaishi Houston, Texas. Mwezi Machi tulimchukua mbwa kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa. Ana kama miaka minne, kilo 24, na watoto wamempa jina la Kahawa kwa rangi yake. Kituoni walimpima minyoo ya moyo wakasema hana. Tangu hapo tunampa kidonge cha kinga kila mwezi, isipokuwa Julai na Agosti tulipokuwa Dar. Jirani aliyebaki naye alisahau. Wiki iliyopita, Oktoba hii, amepimwa tena na amekutwa na minyoo. Hata kwenye hadubini vijinyoo vilionekana vikicheza ndani ya damu. Lakini hana dalili yoyote! Anakula, anakimbia, anaruka. Daktari wa huku anataka ameze vidonge mwezi mzima, kisha apigwe sindano tatu za dawa yenye aseniki, na muda wote huo, karibu miezi mitano, akae ndani bila kukimbia. Gharama ni dola 1,400. Ndugu yangu mmoja anasema aseniki ni sumu, eti tumpe ivermektini ya ng'ombe, inauzwa dola chache. Mama naye anasema tumchemshie mwarobaini. Je, kosa ni letu kwa kuruka ile miezi miwili? Tukiendelea na kidonge cha kila mwezi, minyoo si itakufa yenyewe? Na watoto wanaolala naye kitanda kimoja, wako salama?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ndani yake maswali kadhaa yamefungwa kitita kimoja. Nitaanza na lile la kosa. Naona ndilo linalokunyima usingizi, na ukilielewa hilo, mengine yote yatajifungua.

Kosa si lenu. Minyoo iliyoonekana Oktoba hii Kahawa aliingia nayo nyumbani kwenu mwezi Machi, na kituo nacho hakikukudanganya kiliposema hana. Ili uone mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, tumfuate mbu.

Mbu anamuuma mbwa mwenye ugonjwa, au koyoti, mnyama wa porini anayefanana na bweha, maana Texas koyoti wamejaa na wengi wao wanabeba minyoo hii. Pamoja na damu, anafyonza vijinyoo vichanga visivyoonekana kwa macho. Katika joto kama la Houston, vijinyoo hivyo hukua ndani ya mwili wa mbu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbu akimuuma mbwa mwingine, vinateremka juu ya ngozi na kuingia kupitia tundu dogo aliloliacha. Hapo safari ndefu inaanza. Kwa muda wa miezi miwili hivi vinatembea chini ya ngozi na katikati ya nyama, vikijivua gamba na kukua. Kisha vinaingia kwenye damu na kupelekwa hadi kwenye mishipa inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Huko ndiko makao yao. Kwa hiyo jina "minyoo ya moyo" lina upungufu wake: katika mbwa wengi minyoo inakaa zaidi kwenye mishipa ya mapafu, na hufurika hadi moyoni inapokuwa mingi mno. Mpaka jike akomae na kuanza kuzaa, imeshapita miezi sita au saba tangu siku mbwa alipoumwa. Jike aliyekomaa hufikia sentimita 25 hadi 30, urefu wa rula ya shule, na anaweza kuishi miaka mitano hadi saba.

Sasa, kipimo cha haraka wanachotumia kliniki hakitafuti mnyoo wenyewe. Kinatafuta protini inayotolewa na majike waliokomaa. Mbwa aliyeumwa miezi mitatu iliyopita kipimo kitamwonyesha safi kabisa, ilhali minyoo imo. Kwa hiyo jibu la Machi lilisema tu kwamba hakukuwa na majike waliokomaa siku ile. Na kuona vijinyoo kwenye damu Oktoba maana yake wazazi wao waliingia mwilini miezi sita nyuma au zaidi. Ukihesabu kurudi nyuma, unafika wakati ambao Kahawa alikuwa bado hajafika kwenu, au ndiyo kwanza amefika.

Utaniuliza: kama tulianza kinga Machi, mbona haikuiua? Hapa neno "kinga" linatupotosha sote. Kidonge hakimzuii mbu kumuuma mbwa, wala hakizuii vijinyoo kuingia. Kazi yake ni ya mfagiaji anayepita mara moja kwa mwezi: anaondoa vile vichanga vilivyoingia katika siku thelathini zilizopita, vikiwa bado chini ya ngozi. Kijinyoo kikishavuka kama miezi miwili, dozi ile ndogo haikiwezi tena kwa uhakika. Kidonge cha Machi kiliwafagia wageni wa Februari. Walioingia kabla ya hapo walikuwa wameshapita.

Na ile Julai na Agosti? Haikuleta jibu hili, lakini si kwamba haina maana. Inawezekana kuna kundi la pili lililoingia wakati huo, ambalo kipimo cha sasa hakiwezi kuliona. Mwambie daktari wako tarehe kamili za vidonge vilivyorukwa, usione haya. Anazihitaji ili apange ratiba ya sindano, kama nitakavyoeleza.

Kwa mtu wa Pwani, jambo hili lina picha ya karibu. Unawakumbuka wazee wenye matende na mabusha? Ule nao ni mnyoo wa jamaa hii hii, unaosambazwa na mbu, tofauti ni kwamba wenyewe unaziba njia za maji ya mwili badala ya mishipa ya mapafu. Zile dawa za kingatiba zilizogawiwa Tanzania dhidi ya matende zilikuwa ivermektini na albendazo. Ivermektini hiyo hiyo, kwa dozi ndogo sana, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kuwa kidonge cha kila mwezi cha mbwa. William Campbell na Satoshi Ōmura, walioifanyia kazi tangu mwanzo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Sasa hili la "hana dalili". Ni kweli, na ni habari njema sana. Maana yake huenda mmeugundua mapema, na mbwa wa hatua hii ndio wanaovuka matibabu kwa usalama zaidi. Lakini mbwa kutokuwa na dalili hakuna maana kwamba mwilini hakuna kinachotendeka. Tangu minyoo inapofika, ngozi laini ya ndani ya mishipa inakwaruzwa na kuvimba. Mishipa inakuwa minene na migumu, njia inakuwa nyembamba, na moyo wa upande wa kulia unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mbwa ana akiba kubwa ya mapafu, kwa hiyo anaficha hali hiyo muda mrefu. Unapokuja kusikia kikohozi kikavu baada ya mchezo, au kumwona anachoka mapema, anakonda, na mwishowe tumbo linajaa maji, sehemu ya uharibifu huo haiponi tena hata minyoo ikiondoka yote. Ndiyo sababu sisi tunataka kumtibu huyu anayeruka, tusingoje aache kuruka.

Tuje kwenye aseniki. Ndugu yako hakukosea: melarsomini, dawa ya sindano hizo tatu, ina aseniki ndani yake, na nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ni finyu. Ndiyo maana mbwa hupimwa uzito siku ile ile ya sindano, na dawa hudungwa na daktari, kwa sindano ndefu, ndani kabisa ya misuli ya mgongo pembeni ya uti. Lakini aseniki katika tiba si jambo geni kwetu. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ulitibiwa miaka mingi kwa dawa ya ukoo huu huu, na melarsomini yenyewe hupewa ngamia wanaougua surra, ugonjwa wa jamaa ya malale. Kwa minyoo ya moyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Kabla yake ilikuwepo dawa nyingine ya aseniki iliyopigwa ndani ya mshipa, na ikivuja nje kidogo tu, nyama ya mguu ilioza. Leo tuna nafuu kubwa. Tegemea Kahawa aumwe mgongo siku kadhaa, pengine avimbe pale alipochomwa, atoe mate au akose hamu ya chakula siku moja mbili. Dawa za maumivu zipo, ziulizie kabla.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote katika barua hii ni hiki: mbwa anayefia kwenye matibabu haya, mara nyingi hauawi na dawa. Anauawa na minyoo iliyokufa.

Fikiria minyoo kumi, ishirini, ya urefu wa rula, imekufa ndani ya mshipa. Haina pa kutokea. Haiwezi kutoka na choo kama minyoo ya tumbo. Inamomonyoka vipande vipande, damu inavisukuma mbele hadi kwenye vijishipa vidogo vya mapafu, na huko vinakwama. Mwili unavizingira, uvimbe unatokea, damu inaganda kando yake. Polepole, kwa wiki nyingi, chembe za ulinzi zinavila vipande hivyo mpaka vinakwisha. Mbwa akiwa ametulia, mapafu yana sehemu nyingine za kupitishia damu na kazi hiyo inafanyika kimya kimya. Lakini akikimbia, moyo unasukuma damu mara kadhaa zaidi kuingia kwenye mishipa iliyozibwa. Umeishi Dar, unajua mtaro uliojaa taka unavyokuwa siku za jua: maji machache yanapenya, huoni shida. Ije mvua ya masika ya saa moja, ndipo mtaa mzima unajaa.

Ndiyo sababu daktari wako anasema asikimbie. Yeyote akikuambia kwamba mapumziko ni ushauri tu wa ziada na sindano ndiyo tiba yenyewe, usimsikilize. Namkumbuka mbwa mmoja, mchangamfu kama huyu wako, aliyepita sindano vizuri. Siku ya kumi na mbili lango la uani lilibaki wazi kidogo, akamwona kindi, akamkimbiza mtaa mzima. Alirudi mwenyewe, akajilaza mlangoni, na jioni akaanza kukohoa damu. Hakufika asubuhi. Nilikuwa nimewaeleza wenyewe habari ya mapumziko kwa sentensi moja tu, mwishoni, wakiwa tayari wameshika funguo za gari. Tangu siku ile naanza na hilo.

Mpango uliopewa na daktari wako, kwa unavyoueleza, unafuata njia inayopendekezwa na American Heartworm Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya ugonjwa huu. Kila hatua ndani yake ina sababu. Kwanza eksirei ya kifua na vipimo vya damu, ili kujua mapafu, ini na figo viko hali gani. Usikubali kuruka hatua hii ili kuokoa pesa. Kisha doksisaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Watu hushangaa: dawa ya bakteria kwa ajili ya minyoo? Ni kwamba ndani ya minyoo hii wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, na mnyoo unawategemea. Wakiuawa, mnyoo unadhoofika na uzazi wake unaharibika, na zaidi ya hapo, ukija kufa baadaye hauumwagii mwili bakteria wengi wa kuwasha moto mapafuni. Kampe dawa hiyo pamoja na chakula, maana tumboni huwa kali. Sambamba na hayo, kinga ya kila mwezi inaendelea bila kukosa, ili mlango wa minyoo mipya ufungwe. Kwa kuwa damu yake ina vijinyoo, daktari akiamua kubadilisha kinga na kuweka yenye nguvu zaidi, mwombe dozi ya kwanza itolewe kliniki asubuhi na mbwa abaki huko saa kadhaa. Vijinyoo vingi vikifa kwa mpigo mmoja, mwili unaweza kustuka.

Halafu kuna kungoja, kwa kawaida mpaka siku ya sitini hivi tangu kuanza. Madaktari wengine wanaufupisha muda huu, na si lazima uwaone wamekosea. Kwa Kahawa, mimi nisingekuwa na haraka. Kundi lile la Julai na Agosti, kama lipo, linahitaji kufikia umri ambao sindano inaliua kwa uhakika zaidi, na Wolbachia wanahitaji muda wa kumalizika. Ifikapo siku hiyo anapigwa sindano moja tu. Hiyo inaua sehemu ya minyoo, ili mapafu yabebe mizoga kidogo kwanza. Mwezi mmoja baadaye zinafuata mbili, zikipishana saa 24. Njia ya zamani ya sindano mbili peke yake inaua takriban asilimia 90 ya minyoo. Hii ya sindano tatu inafika karibu asilimia 98. Katikati ya hayo atapewa prednisoni kwa dozi inayopungua, kutuliza uvimbe. Atakunywa maji mengi na kukojoa sana, msimgombeze.

Sasa njia ya pili uliyouliza, ya kuendelea na kinga ya kila mwezi mpaka minyoo ife yenyewe. Nitakujibu bila kuficha. Kidonge cha ivermektini peke yake hufupisha maisha ya minyoo, lakini inaweza kuchukua zaidi ya miaka miwili, na katika muda wote huo mishipa inaendelea kuharibika. Kuna njia bora zaidi ya aina hii, inayounganisha moksidektini, dawa ya jamii ya ivermektini ya kupaka shingoni, na doksisaiklini. Mbwa wengi huonekana hawana minyoo baada ya karibu mwaka mmoja. Inatumika pale melarsomini inapokosekana, au mbwa anapokuwa mzee au mgonjwa kiasi cha kutoihimili, au pesa inapokuwa haipo kabisa. Kwangu mimi hiyo ni bora mara mia kuliko kutofanya chochote, na simhukumu anayeichagua kwa sababu hizo. Ila mjue mnachokinunua: minyoo inakufa kidogo kidogo bila tarehe inayojulikana, kwa hiyo mapumziko yale yale yanapaswa kuendelea muda wote huo, si miezi mitano. Mbwa wa miaka minne, kilo 24, anayeruka, kumtuliza mwaka mzima? Na kuna jambo lingine. Katika bonde la chini la mto Mississippi imeshapatikana minyoo iliyozoea dawa za jamii ya ivermektini, kwa hiyo kuiachia kazi yote dawa ya aina hiyo ni kuipa nafasi zaidi minyoo sugu.

Kuhusu gharama, rudi kwenye kile kituo mlikomchukua. Vituo vingi vya kusini mwa Marekani vinakutana na ugonjwa huu kila siku, na baadhi yao husaidia sehemu ya matibabu au hukuelekeza kliniki za bei nafuu. Muulize pia daktari kama malipo yanaweza kugawanywa kwa hatua, maana matibabu yenyewe yamegawanyika.

Ivermektini ya ng'ombe, ndugu yangu, naomba iondoke mezani kabisa. Nakupa hesabu ujionee. Dozi ya kinga kwa mbwa ni maikrogramu 6 kwa kila kilo. Kahawa anahitaji maikrogramu 144. Dawa ya ng'ombe ya asilimia moja ina maikrogramu 10,000 ndani ya mililita moja. Yaani mililita moja ina dozi za mbwa karibu sabini wa ukubwa wake, na anachohitaji yeye ni chini ya nusu ya tone. Hakuna sindano ya dukani itakayokupimia hicho. Tena mbwa wa ukoo wa koli na jamaa zao wa kuchunga kondoo wana hitilafu ya kurithi inayoiacha dawa hii ipenye ubongoni ikizidi: wanatetemeka, wanapofuka, wanazimia. Mbwa wa kituoni hujui babu yake alikuwa nani. Na hata ukipatia dozi, bado unakuwa umerudi kwenye ile njia ya polepole, bila eksirei, bila doksisaiklini, bila mtu wa kumwangalia.

Mama mpe heshima yake, na umweleze hivi: mwarobaini haufiki ndani ya mshipa wa mapafu kwa kiasi cha kuua mnyoo wa rula. Wala dawa za minyoo ya tumbo, albendazo na wenzake, haziwezi kuutoa. Minyoo ile iko kwenye utumbo, hii iko kwenye damu. Akitaja kitunguu saumu, hicho kikataeni moja kwa moja, kwa sababu kikizidi kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Watoto wako salama. Ugonjwa huu hautoki kwa mbwa kwa kulamba, kwa mate, kwa kinyesi wala kwa kulala kitanda kimoja. Kijinyoo lazima kwanza kipite ndani ya mbu na kukomaa humo. Binadamu akiumwa na mbu huyo, karibu kila mara kijinyoo kinakufa chenyewe. Mara chache sana huacha kivimbe kidogo pafuni kinachoonekana kwenye eksirei. Hatari hiyo inatoka kwa mbu wa mtaani, mbwa wako awepo asiwepo. Isipokuwa hicho kitanda kina neno lake: kuruka kupanda na kushuka nako ni mazoezi. Kwa miezi hii mtoto ndiye ashuke, akae na Kahawa sakafuni.

Kumtuliza mbwa kijana inawezekana, lakini inataka mpango kabla ya siku ya sindano. Kizimba kiwekwe sebuleni, penye watu, asijione amefungwa jela. Haja aende kwa kamba fupi, hata uani kwenu kwenye uzio, hata saa nane usiku mvua ikinyesha. Ngazi abebwe au zizibwe. Kengele ya mlango izimwe kama inampandisha mori. Mchoshe akili badala ya miguu: chakula kifichwe ndani ya taulo lililokunjwa alitafute, mchuzi wa kuku usio na chumvi wala kitunguu ugandishwe kwenye chombo alambe nusu saa. Na akiwa wa kushindikana, zipo dawa za kutuliza za kila siku. Kuziomba si uzembe.

Nimepiga hesabu ya tarehe zako. Mkianza mwisho wa mwezi huu, sindano ya kwanza inaangukia siku za mwisho za Desemba, na Houston mkesha wa Mwaka Mpya ni fataki usiku kucha. Mbwa mwenye hofu ya mlipuko atavunja kizimba. Muulize daktari kama sindano inaweza kusogezwa mpaka wiki ya pili ya Januari, na hata hivyo awe na dawa ya kutuliza usiku ule. Mbili za mwisho zitakuwa Februari, kisha hesabu wiki sita hadi nane za utulivu kamili, ndipo aanze kutembea, dakika tano, kumi, akipandishwa polepole.

Wiki ya kwanza mpaka ya nne baada ya kila sindano ndizo za kuwa macho. Akikohoa zaidi ya kawaida, akihema kwa shida, akiwa na homa, akigoma kula zaidi ya siku moja, au akitoa damu kwa kukohoa au puani, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Na wakati wowote, hata leo kabla ya kuanza chochote, ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi au damu, fizi zimepauka na mbwa ameishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali ya dharura ya wanyama usiku huo huo. Hiyo ni dalili kwamba minyoo imefurika moyoni na kuziba njia ya damu. Hapo sindano haifai tena kwanza. Minyoo hutolewa kwa upasuaji, ikivutwa kupitia mshipa wa shingo, na kila saa inahesabiwa.

Vijinyoo kwenye damu vitaangaliwa tena kama mwezi mmoja baada ya sindano za mwisho. Kile kipimo cha protini msikiharakishe: kifanywe miezi tisa baadaye, karibu Novemba mwakani. Kikifanywa mapema kinaweza kuonyesha mabaki tu ya minyoo iliyokwisha kufa, mkashtuka bure. Kinga ya kila mwezi haikatizwi hata msimu wa baridi, kwa kuwa baridi ya Houston haimalizi mbu. Mkisafiri tena kwenda Dar, ipo sindano ya moksidektini inayokaa miezi sita na nyingine ya mwaka mzima; mzungumzie daktari wako hilo atakapokuwa amepona, ili jirani asibebeshwe tena kazi ya kukumbuka.

Piga simu kliniki Jumatatu, uwape tarehe za vidonge vya Julai na Agosti, na uwaulize habari ya fataki.